Ali Baba wa Krismasi, na jina lililokosekana bangoni

Mtu akiambiwa kwamba yako mabango ya kutangaza michezo ya Krismasi, yaliyobandikwa katika kuta za London wakati wa Malkia Victoria, atadhani humo atamkuta Bibi Mariamu na mwanawe, na wachungaji na kondoo wao. Hatawakuta. Nimeyatazama mabango hayo, mengi kiasi, katika vitabu na katika picha zilizotolewa na maktaba za huko, na Nabii Isa (AS) simwoni hata pembeni. Aliyemo ni Ali Baba. Yumo Alaaddini na taa yake, yumo Sindibadi Baharia na chombo chake, wamo wezi arubaini na mitungi yao, na vilemba vilivyovimba kama maboga.

Basi msomaji wangu wa Mombasa, wa Lamu, wa Malindi au wa Vanga, akiniuliza, "Krismasi ya Waingereza yatuhusu nini sisi?" jibu langu ni hilo. Yatuhusu kwa kuwa mgeni wa heshima katika karamu yao alitoka upande wetu wa dunia. Alichukuliwa katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wengi wetu tulikijua kwa Kiswahili kabla hatujajua ramani ya Baghdad iko wapi, akavishwa nguo asizozizoea, akapandishwa jukwaani mwaka baada ya mwaka. Nami nina neno la kusema juu ya namna alivyotangazwa, na zaidi juu ya mtu mmoja ambaye hakutangazwa kabisa.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Waingereza huuita pantomaimu. Asili yake ni vichekesho vya Kitaliano vilivyotia nanga London mapema katika karne ya 18, vikiwa na mhusika aitwaye Harlequin, mwenye nguo za viraka vya rangi na kinyago usoni. Hapo mwanzo haukuwa mchezo wa maneno mengi. Ulikuwa ni mwendo, muziki, vishindo na mizaha, maana sheria ya nchi iliwapa wenye majumba machache tu ruhusa ya kucheza michezo ya kusemwa. Mwaka 1843 Bunge lao likaiondoa sheria hiyo, na kila jumba likapata ulimi. Ndipo pantomaimu ikawa ngano ya watoto iliyotiwa nyimbo, kejeli za siasa, mashine za kurusha watu hewani, na mandhari yanayogeuka mbele ya macho ya watazamaji, pango likawa jumba la dhahabu kufumba na kufumbua. Siku ya Krismasi yenyewe milango ilifungwa. Kesho yake, tarehe 26 Desemba, ikafunguliwa, na mchezo ukaendelea kwa majuma mengi. Mwenye jumba akifanikiwa msimu ule, aliweza kubeba hasara ya miezi iliyobaki. Asipofanikiwa, alijua mwaka umemwendea kombo.

Liko jambo litakalomkera msomaji, na ni afadhali nilitaje mapema nilimalize. Katika pantomaimu kijana shujaa huchezwa na mwanamke, na mama mzee mchekeshaji huchezwa na mwanamume. Mimi silisifu. Dini yetu imewakataza wanaume kujifananisha na wanawake, na wanawake kujifananisha na wanaume, wala sina haja ya kulizungusha neno hilo. Lakini anayetaka kuyasoma mabango hana budi kulijua, la sivyo atamwona binti aliyevaa soksi ndefu za kubana, ameinua taa juu ya kichwa, amdhanie mtu mwingine, kumbe ndiye Alaaddini mwenyewe.

Mabango ya zamani hayakuwa na picha, au yalikuwa na picha ndogo tu. Yalikuwa ni karatasi ndefu nyembamba, zimejaa maandishi kutoka juu hadi chini, mistari mingine ya wino mweusi na mingine mwekundu, herufi nene za mbao zikigombania nafasi na herufi ndogo za risasi. Zilibandikwa kutani juu ya za jana, na za kesho zikabandikwa juu yake. Wengine walibebeshwa mbao mbili, moja kifuani na moja mgongoni, wakatembezwa barabarani kama ukuta wenye miguu. Ajira duni iliyoje hiyo, kwenda mvuani mchana kutwa na jina la tajiri mgongoni.

Na hapo kwenye majina ndipo nilipokaa kwa muda mrefu, kwani karatasi zile ni bahari ya majina. Liko jina la mwenye kukodi jumba, tena kwa herufi kubwa. Liko la mtunzi wa maneno na la mtungaji wa muziki. Yako ya wachoraji wa mandhari, na wengine kama William Beverley wa jumba la Drury Lane walikuwa na sifa kiasi kwamba watu walikwenda kutazama pazia zao kama wengine waendavyo kuwatazama waimbaji. Yuko fundi wa mashine, yuko mshonaji, yuko mtengeneza vinyago, na wallahi yuko hata bwana wa kusimamia taa za gesi. Ama wachezaji, kwao ukubwa wa herufi ulikuwa ni cheo. Mtu hakukubali jina lake lipungue hata unene wa ukucha mbele ya mwenzake, na magomvi juu ya nani aandikwe juu ya nani yalikuwa mambo ya kila msimu.

Kisha chini kabisa, kwa herufi zinazotaka macho makali, utamkuta mchapaji na mtaa wake. Jina hilo lina kisa. Mwaka 1799, serikali ya Uingereza ikiogopa yasije yakazuka kwao mapinduzi kama ya Ufaransa, ilipitisha sheria ya kuwataka wachapaji watie majina na anwani zao katika karatasi wanazochapa. Makusudi yake ni kwamba karatasi ya fitina ikionekana, ajulikane pa kukamatiwa aliyeichapa. Hivyo hofu ya serikali ikatupatia faida: leo tunaweza kuokota bango la pantomaimu la miaka mia moja na hamsini iliyopita tukajua lilichapwa na nani na katika mtaa gani.

Picha zilikuja kushika bango zima baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1870, uchapaji wa jiwe ulipoendelea. Ufundi huu uligunduliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18, na siri yake ni jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba maji na mafuta havipatani. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likalainika. Jiwe hutiwa maji, kisha wino wa mafuta. Wino hukataa penye maji, hushika penye mchoro tu, na karatasi ikikandamizwa juu yake hutoka na picha. Kila rangi yataka jiwe lake, na mawe yasipolingana sawasawa mdomo wa binti hutokea shavuni. Kwa ufundi huo kuta za miji ya Uingereza zikawaka rangi. Kampuni ya David Allen, iliyoanzia Belfast mwaka 1857, ilikuwa miongoni mwa wachapaji wakubwa wa mabango ya michezo. Biashara hiyo ilikuwa na hila yake: bango moja la Alaaddini lingeweza kuchapwa kwa wingi likiachwa nafasi tupu, na kila jumba, la mji huu na la mji ule, likatia humo jina lake na tarehe zake. Alaaddini mmoja, miji kumi.

Wako wachoraji waliolipa bango heshima ya sanaa. Mwaka 1895 vijana wawili, William Nicholson na James Pryde, waliojiita Beggarstaff, walichora bango la Cinderella kwa ajili ya Drury Lane, rangi chache tu zilizotandazwa bapa bila ya madoido. Nikiliweka kando ya yale yaliyojaa mijusi, majini na vito, naona kama mtu aliyetoka kwenye soko la kelele akaingia ua wa msikiti. Lakini hayo ni machache. Mengi yalipiga makelele, na yalikusudiwa yapige makelele.

Sasa nauliza. Katika majina yote hayo, la mwenye jumba, la mshonaji, la bwana wa gesi na la mchapaji, li wapi jina la aliyeitoa hadithi?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba Alaaddini na Ali Baba ni ngano za kale za Alfu Lela Ulela, zisizo na mwenyewe, kama upepo wa kaskazi. Alfu Lela Ulela ni ya kale kweli. Lakini ngano hizi mbili hazimo katika hati za kale za Kiarabu. Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapa tafsiri yake ya kitabu hicho mwaka 1704, akifuata hati iliyotoka Sham. Hadithi zikamwishia, na wasomaji wa Paris wakawa wanataka zaidi. Mwaka 1709 akakutana na kijana wa umri wa miaka ishirini hivi, aitwaye Hanna Diyab, mzaliwa wa Halab, aliyefika Ufaransa akifuatana na msafiri mmoja wa Kifaransa, Paul Lucas. Kijana huyu alikuwa na ngano kichwani. Mwezi wa Mei mwaka ule alimsimulia Galland kisa cha Alaaddini, na kabla mwezi haujaisha akamsimulia kisa cha Ali Baba. Haya si maneno ya kubahatisha, kwani Galland mwenyewe aliyaandika katika daftari lake la kila siku. Alaaddini ikachapwa mwaka 1712. Ali Baba ikatoka mwaka 1717, Galland akiwa ameshafariki miaka miwili kabla. Katika daftari jina la Hanna limo. Katika kitabu kilichouzwa halimo. Na kwa kuwa halikuingia kitabuni, halikupata njia ya kufika bangoni. Hata zile hati za Kiarabu za Alaaddini zilizojitokeza Paris baadaye, wataalamu wamezichunguza wakaona zimetarjumiwa kinyumenyume kutoka Kifaransa cha Galland.

Hanna hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo wa Kimaroni. Nalisema hilo wazi ili asije mtu akadhani namtetea kwa sababu ya udugu wa dini. Namtetea kwa sababu ya haki, na haki ya mtu haiulizi anasali wapi.

Sisi watu wa pwani tuna kipimo chetu katika jambo hili. Mwanachuoni akisoma Hadithi ya Mtume (SAW) hutaja sanad: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike. Sisemi ngano za taa na majini ni sawa na Hadithi tukufu, hasha. Nasema adabu ya kumtaja uliyepokea kwake ni mali yetu, tumelelewa nayo chuoni. Kadhalika watunzi wetu wa tenzi wana ada ya kutaja mwishoni nani aliyetunga, wengine wakatia na hesabu ya beti na mwaka wa Hijra, ili neno lisije likazurura kama mtoto asiye na kwao. Kwa kipimo hicho mabango ya Krismasi yana deni.

Atasema mtu, "Lakini ngano ni za wote. Hata huyo Hanna alizisikia kwa bibi yake." Huenda ikawa hivyo, wala sikatai. Ila tazama mizani ilivyokaa. Mwaka 1833 Waingereza walipitisha sheria ya kumlinda mtunzi wa mchezo, ili jumba jingine lisiucheze bila ya idhini yake. Kwa hiyo aliyemchukua Alaaddini akamtilia mizaha ya mjini alikuwa na haki mbele ya kadhi wao. Aliyesimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho hakuwa nayo. Ikiwa ngano ni za wote, basi ziwe za wote kwa kila mtu. Haifai ziwe za wote wakati wa kuchukua, zikawa za fulani wakati wa kulipwa.

Tena kisa kilibadilishwa. Katika maneno ya Hanna yaliyotufikia kwa kalamu ya Galland, Alaaddini ni mtoto wa fundi cherehani maskini aitwaye Mustafa, katika mji wa Uchina ambao watu wake wana majina kama yetu na mtawala wao ni sultani. Uchina huo ulikuwa ni namna ya kusema "mbali kabisa". Mama yake hana jina. Waingereza wakamtafutia. Mwaka 1861 H. J. Byron alitunga mchezo wa kejeli wa Alaaddini, akamwita mama huyo Twankay, jina la aina ya majani ya chai ya Kichina yaliyokuwa yakiuzwa madukani kwao. Hebu fikiria, mama ya mtu ameitwa kwa jina la pakiti ya chai! Vita vya pili vya kasumba, ambavyo Uingereza na Ufaransa ziliilazimisha Uchina kufungua milango yake, vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, 1860. Tangu hapo mabango ya Alaaddini yakajaa mikia ya nywele, miavuli ya karatasi na macho yaliyochorwa kwa dharau, na katikati ya Uchina huo akasimama sultani mwenye kilemba cha Kituruki. Mwaka 1896 mama huyo wa chai alichezwa Drury Lane na Dan Leno, mchekeshaji aliyependwa kuliko wote wa zama zake, mtu mfupi mwenye uso wa huzuni aliyecheza pantomaimu za jumba hilo kuanzia 1888 hadi 1903. Leno alikuwa fundi wa kweli. Jina lake lingemjaza mtu yeyote hamu ya kukata tikiti, na ndiyo maana liliandikwa kwa ukubwa ule.

Lakini Alaaddini ana afadhali. Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Mzee Ndevu-Buluu, yule tajiri aliyewachinja wake zake na kuwafungia chumbani. Ngano hii ilichapwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697. Humo hamna Mturuki wala Mwarabu, wala hamna msikiti. Ni habari ya Kifaransa, ya tajiri wa Kifaransa na funguo zake. Mwaka 1798 George Colman aliipeleka kwenye jukwaa la Drury Lane, na papo hapo yule muuaji akawa pasha, akaitwa Abomelique, na mkewe akaitwa Fatima. Mchezo ulipendwa sana, na pantomaimu zilizofuata zikaurithi. Basi ukaliona bango la Krismasi lenye mwanamume wa ndevu za buluu, kilemba na jambia, akimtishia mwanamke aitwaye Fatima, jua kwamba hapo ngano ya Wafaransa imevishwa nguo zetu kwa nguvu. Mwizi wa Ali Baba alau alichukua mali akakimbia. Huyu alituachia maiti mlangoni akasema ni yetu.

Na kwa kuwa nimewataja wezi, siwezi kuupita mwaka 1886. Augustus Harris alikuwa ameshika Drury Lane tangu 1879, na ndiye aliyeikuza pantomaimu ikawa maandamano makubwa ya nguo na mapambo. Krismasi ya mwaka 1886 alitangaza "Wezi Arubaini", na sifa ya mchezo huo ilikuwa kwamba kila mwizi alipita jukwaani na kundi lake la wafuasi, mwizi baada ya mwizi, mamia ya watu kwa jumla, hariri na vyuma vikimetameta. Watazamaji walishangilia. Miezi miwili hivi kabla ya hapo, katika mji huohuo wa London, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekubaliana juu ya milki ya Sayyid Barghash, wakamwachia Zanzibar na visiwa na ukanda wa maili kumi wa pwani, na bara wakagawana wao. Mapatano hayo hayakubandikwa kutani kwa rangi. Mimi sitaongeza neno.

Wako watakaosema kwamba mabango kama haya hayafai kutazamwa, kwamba ni dhihaka, na kwamba Mwislamu apite njia yake. Naheshimu ghera yao, lakini sikubaliani nao. Bango halitupi habari za anayechorwa. Latupa habari za anayetarajiwa kulipa. Mwenye jumba hakuwa na haja ya kujua Halab ina milango mingapi. Alitaka kujua fundi viatu wa London na wanawe sita watasimama mbele ya picha gani kwenye barabara yenye ukungu, na wataitoa shilingi yao kwa ajili ya nini. Akaona watasimama mbele ya jua, dhahabu, majumba ya kuba na watu wa kuogopwa kidogo. Katika nchi ya Desemba yenye baridi na giza la saa kumi alasiri, nani hatamani pango la vito? Nikiyatazama kwa jicho hilo, naona humo njaa yao kuliko ninavyoona uso wangu. Na shahidi wa namna hiyo hafungiwi sandukuni. Huhojiwa.

Tena wenzetu wametushinda kwa jambo moja, nalo ni kutunza. Karatasi zilizokusudiwa kuishi wiki mbili kutani zingali ziko hai. Alikuwako mfanya mazingaombwe wa London, Henry Evanion, aliyekusanya mabango, tikiti na vijikaratasi vya kila aina maisha yake yote, na mwaka 1895 jumba la makumbusho la British Museum likanunua kwake maelfu ya vipande hivyo. Leo viko katika Maktaba ya Uingereza. Mwaka 1924 bibi Gabrielle Enthoven alilipa jumba la Victoria and Albert karatasi zake za michezo ya London, maelfu kwa maelfu. Bila ya watu kama hao, mimi nisingekuwa na la kuandika hapa, wala nisingeweza kumdai mtu jina lililokosekana.

Na sisi? Mabango ya vilabu vya taarabu vya Mombasa na Lamu, karatasi za sinema zilizotangaza Ali Baba wa Kihindi, matangazo ya mashindano ya ngoma, mangapi yamebaki? Mengi yalifungiwa njugu. Nimeona kwa macho yangu tangazo la harusi kubwa la miaka mingi nyuma, lenye majina ya waimbaji na wapigaji wote, limekunjwa koni na kutiwa mbaazi za moto. Mwenye kuuza hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia kuwa ile ni hati.

Na kuhusu majina, tusidhani deni ni la Drury Lane peke yake. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha London kitabu cha ngano za Kiswahili alizozipata Unguja. Humo kimo kisa cha Sultani Darai, cha yule paa aliyemtoa jalalani maskini Hamdani, akamfanya bwana mkubwa, akamwoza binti wa sultani, kisha paa alipougua Hamdani akamtupa. Aliyekisoma atakumbuka papo hapo kisa cha Ulaya cha paka aliyevaa viatu, ambacho Drury Lane ilikicheza Krismasi ya mwaka 1887. Kwetu mnyama ni paa, na mwisho ni mchungu. Tumekisimulia kisa hicho, tumekisomesha shuleni, tumekicheza. Mwulize mtoto yeyote ni nani Unguja aliyekitoa kinywani mwake mbele ya mgeni mwenye kalamu, uone kama atakujibu. Tumwulize mwalimu wake pia.

Ombi langu kwa wachapaji na walimu wa pwani ni dogo. Mkikichapa tena kisa cha Alaaddini au cha Ali Baba kwa Kiswahili, pateni mstari mmoja wa kuandika Hanna Diyab wa Halab. Na mkimwendea bibi wa Siyu au wa Faza mkamrekodi ngano, jina lake na la aliyempokelea yaandikwe kabla ya ngano yenyewe. Kama bwana wa gesi alipata nafasi katika bango lililojaa hivyo, hatutakosa nafasi ya bibi.

Hanna hakukaa Ulaya. Paul Lucas alimpeleka Versailles, akaingia mbele ya Mfalme Louis wa 14 akibeba kizimba cha panya-warukaji wa jangwani, na alitumaini kupewa kazi katika maktaba ya mfalme. Hakuipata. Akarudi Halab, akawa muuza vitambaa, akaoa, akazeeka. Mwaka 1764, akiwa mzee wa miaka sabini na kitu, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha safari zake. Hati hiyo iko katika maktaba ya Vatican. Kurasa zake za mwanzo zimepotea, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni kazi isiyojulikana mwandishi, mpaka mwaka 1993 ilipotambuliwa kuwa ni yake. Ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2015 na kwa Kiingereza mwaka 2021. Humo ameeleza kwa urefu dhoruba za bahari, na maharamia, na baridi ya Paris ya mwaka 1709 iliyoua watu majumbani mwao. Habari ya ngano ameitia katika mistari michache tu: kwamba alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akitarjumu kitabu cha Alfu Lela Ulela, kikampungukia hadithi za siku kadhaa, naye akampa zile alizokuwa akizijua, na yule mzee akafurahi naye sana.